Scrum au Kanban? Namna ya kuchagua njia ya kuingiza Lean kwenye mradi wa programu

Timu ya programu ikishaamua kufanya kazi kwa misingi ya Lean, yaani kuondoa upotevu na kusubiri ili kazi imfikie mteja mapema, swali la kwanza mezani huwa ni hili: tutumie Scrum au Kanban? Scrum hugawa kazi katika vipindi vifupi vinavyoishia kwa kuonyesha kilichofanyika; Kanban huweka kikomo cha kazi zinazofanywa kwa wakati mmoja. Mara nyingi jibu huja kwa mazoea tu. Aliyezoea Scrum alikotoka anaipigia debe Scrum, na aliyechoshwa na vikao vyake anataka Kanban. Hapa nitaziweka bega kwa bega, pamoja na ule utaratibu wa zamani wa kupanga kila kitu mwanzoni, maana nao bado una mahali pake. Kigezo changu ni kimoja: kazi yenu inasubiri wapi, na ni njia ipi itakayopunguza huko kusubiri?

Hebu tufuate ombi moja. Mteja anataka nafasi ya namba ya simu ya pili kwenye fomu ya usajili. Ombi linaingia Jumatatu. Linakaa kwenye orodha hadi kikao cha Alhamisi ya wiki inayofuata. Ijumaa mhandisi analichukua, na kuandika msimbo (maandishi ya programu) kunamchukua muda wa saa tatu. Kisha ombi linangoja mtu wa kupitia msimbo hadi Jumatano. Mapitio yenyewe ni dakika ishirini. Linamngoja mpimaji hadi Jumatatu. Kupima ni saa moja. Baada ya hapo linangoja toleo la Ijumaa, ndipo mteja analiona. Siku 25 zimepita, na kazi yenyewe haikufika hata saa tano.

Sasa mwambie mhandisi aandike msimbo kwa kasi maradufu. Ataokoa saa moja na nusu katika siku 25. Ndiyo maana mabishano kuhusu nani anaandika haraka, au lugha gani ya programu ina kasi, hayamfikishii mteja kitu mapema. Muda wote umeliwa na foleni, na foleni haionekani kwa macho. Kiwandani, mali iliyolundikana unaikwaa ukipita; kwenye programu, msimbo uliokamilika nusu umejificha ndani ya matawi, yaani nakala za pembeni za msimbo, ambayo hayajaunganishwa, hakuna anayeuona. Njia yoyote mtakayochagua lazima kwanza iweze kuionyesha foleni hiyo.

Lean ya kiwandani na Lean ya usanifu

Kabla ya kulinganisha mbinu, kuna tofauti ambayo ikipuuzwa huharibu kila kinachofuata. Misingi mingi ya Lean tunayoisikia ilizaliwa kwenye sakafu ya kiwanda cha Toyota, chini ya watu kama Taiichi Ohno. Kule gari la elfu moja linatakiwa lifanane na la kwanza, na tofauti yoyote ni kasoro. Jina la Lean lenyewe lilikuja baadaye, mwaka 1988, katika makala ya John Krafcik, mtafiti wa chuo cha MIT cha Marekani aliyekuwa akilinganisha viwanda vya magari.

Programu haitengenezwi hivyo. Kunakili programu iliyokwisha kuandikwa hakugharimu chochote cha maana. Kazi yote iko kwenye kubuni kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Kwa hiyo mwalimu wetu wa kweli ni Toyota ya wasanifu, wale waliokuwa wakibuni gari jipya, kuliko Toyota ya waunganishaji vyuma. Katika usanifu, tofauti na mshangao ni taarifa. Jaribio lililoshindwa mapema limekufundisha jambo kwa bei nafuu. Mary na Tom Poppendieck, waliohamishia misingi hii kwenye programu mwaka 2003, waliweka kuondoa upotevu, wakaweka pia kukuza kujifunza na kuchelewesha uamuzi hadi pale unapolazimika. Meneja anayekumbuka lile la kuondoa upotevu peke yake ataishia kuwabana watu wajaze kila dakika ya siku yao, na hilo ni kosa la kihesabu kabisa.

Hesabu yake ni hii. Kazi zikiwa zinaingia bila mpangilio na mhudumu ni mmoja, wastani wa kazi zilizomo kwenye mfumo ni kiwango cha shughuli ukigawa kwa nafasi iliyobaki. Mhudumu akiwa na shughuli kwa asilimia 80 ya muda wake, kazi zilizomo ni 4 (80 ukigawa kwa 20). Kwa asilimia 90 ni 9. Kwa asilimia 95 ni 19. Umeongeza asilimia tano tu za ubize, foleni ikazidi maradufu. Timu iliyojazwa hadi pomoni hutoa kazi polepole hata kama kila mtu anarudi nyumbani hoi.

Kupanga kila kitu mwanzoni

Mtindo wa maporomoko, ambapo mahitaji yanaandikwa yote, kisha usanifu, kisha msimbo, kisha majaribio, huhusishwa na makala ya Winston Royce ya mwaka 1970. Royce mwenyewe alionya ndani ya makala hiyo hiyo kwamba kuufuata vivyo hivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa. Kwa macho ya Lean, kasoro yake ni ukubwa wa fungu: mahitaji yote yanasubiri usanifu wote, na kosa la mwezi wa kwanza linagunduliwa kwenye majaribio ya mwaka wa pili.

Mfano unaojulikana ni wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Mwaka 2005 lilitupilia mbali mfumo wake wa majalada ya kesi, Virtual Case File, baada ya kutumia takribani dola milioni 170. Mrithi wake, Sentinel, alianza mwaka 2006 kwa mkandarasi na kwa awamu kubwa, akachelewa naye. Mwaka 2010 shirika likauchukua mradi mikononi mwake, likapunguza watu, likafanya kazi kwa Scrum ya wiki mbili mbili. Julai 2012 mfumo ulikuwa unatumika.

Hata hivyo sitasema kupanga mapema kumepitwa na wakati. Ikiwa programu yako inaingia kwenye kifaa ambacho hakiwezi kusasishwa kikishatoka kiwandani, au sheria inadai uthibitisho kabla ya mstari mmoja kutumika kwa mgonjwa, baadhi ya maamuzi lazima yafungwe mapema. Hapo punguza mafungu kwa ndani: jaribu kila wiki mnachoweza kujaribu, hata kama kutoka ni mara moja.

Scrum: nguvu ya mdundo

Mizizi ya Scrum iko kwenye usanifu wa bidhaa. Mwaka 1986 Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka waliandika kuhusu timu za kampuni kama Honda na Canon, zilizobuni bidhaa mpya kwa pamoja, watu wa idara mbalimbali wakiwa kikosi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, wala hawakupokezana kazi idara kwa idara. Jeff Sutherland na Ken Schwaber walilichukua wazo hilo likawa utaratibu wa programu katika miaka ya 1990.

Ninachokipenda kwenye Scrum ni kwamba inalazimisha kusikiliza. Kila sprinti, yaani kipindi cha kazi kisichozidi mwezi mmoja, mara nyingi wiki mbili, inaishia kwa kitu kinachofanya kazi mbele ya watu watakaokitumia. Timu isiyojua bado mteja anataka nini inahitaji shurti hilo. Bila tarehe ya kuonyesha kazi, wahandisi wema kabisa hukaa miezi miwili wakinoa kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Tena kuna lengo la sprinti, sentensi moja inayosema kwa nini wiki hizi mbili zipo. Kwa timu changa, au timu ambayo wakubwa hubadilisha vipaumbele kila asubuhi, ule ukuta wa wiki mbili ni kinga halisi.

Udhaifu wake uko ndani ya sprinti. Scrum hupunguza fungu kwa muda, lakini haisemi kitu kuhusu idadi ya kazi zilizo wazi kwa wakati mmoja. Tazama ubao wa timu nyingi siku ya nne: wahandisi sita, kadi tisa (kila kadi ni kazi moja) zimeanzwa, hakuna iliyoisha. Siku ya tisa zote zinamwangukia mpimaji kwa pamoja. Hayo ni maporomoko ya wiki mbili yenye jina jipya. Na kazi isiyotarajiwa ikiingia katikati, ama inavunja lengo ama inangoja sprinti ijayo hata kama ingekwisha kwa dakika arobaini.

Kanban: nguvu ya kikomo

Kadi za Kanban zilitoka kwa Ohno, aliyevutiwa na jinsi duka kubwa la kujihudumia linavyojaza rafu kwa kadiri wateja walivyochukua. Kituo cha nyuma hakitengenezi hadi kituo cha mbele kiombe. David J. Anderson aliileta kwenye programu kuanzia kwenye timu ya matengenezo ndani ya Microsoft mwaka 2004, kisha katika kampuni ya Corbis. Jambo moja la Microsoft lina funzo kubwa: wahandisi walikuwa wakipoteza sehemu kubwa ya muda kukadiria maombi, mengi yake yasitekelezwe kamwe. Walipoacha kukadiria na kuweka kikomo cha kazi zinazoingia, foleni iliyokuwa imewashinda ilianza kuisha.

Ubao wenye safu si Kanban bado. Kinachoifanya iwe Kanban ni namba iliyoandikwa juu ya safu: hapa haziruhusiwi kuzidi tatu. Safu ya mapitio ikijaa, mhandisi aliyemaliza kuandika haruhusiwi kuanza kadi mpya; anageuka na kupitia msimbo wa mwenzake. Mwanzoni watu hukasirika, kwa kuwa wanajiona wanazuiwa kufanya kazi. Baada ya wiki chache wanaona kadi zinatoka. Mshika mbili moja humponyoka, na timu ya watu sita iliyoshika kumi na nane inaponyokwa na nyingi zaidi.

Nyuma ya namba hiyo kuna kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961. Kwa wastani, na mfumo ukiwa umetulia, muda wa kazi kupita ni idadi ya kazi zilizo wazi ukigawa kwa kasi ya kuzimaliza. Timu yenye kadi 24 wazi na inayomaliza 6 kwa wiki itachukua wiki 4 kwa kila kadi. Ikishusha kadi zilizo wazi hadi 12 huku ikimaliza zile zile 6, muda unakuwa wiki 2. Hakuna aliyeajiriwa, hakuna aliyekesha. Sijui hatua nyingine katika kazi hii inayoleta faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Kanban nayo ina mitego. Haina tarehe inayokulazimisha kukutana na mteja, kwa hiyo timu inaweza kusukuma kadi kwa ufanisi mkubwa kuelekea bidhaa isiyotakiwa. Haina lengo la pamoja isipokuwa mkijiwekea. Na ile njia ya dharura juu ya ubao, iliyokusudiwa kadi moja kwa nadra, hugeuka barabara kuu wakubwa wakishaijua. Iwekeeni kikomo cha moja, na kila anayeitumia aseme hadharani ni kadi gani imesimamishwa kumpisha.

“Lini itakuwa tayari?”

Hapa tofauti inaonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Timu nyingi za Scrum hujibu kwa pointi: zinakadiria ukubwa wa kadi, zinajumlisha, zinagawa kwa kasi ya sprinti zilizopita. Mwongozo wa Scrum hauwalazimishi kutumia pointi, lakini zimekuwa mazoea. Mazungumzo ya kukadiria yana faida yake, hasa pale mmoja anaposema mbili na mwenzake kumi na tatu. Hapo wamegundua kwamba hawajaelewa kazi kwa namna moja. Namba inayotoka baadaye ndiyo isiyo na thamani kubwa, kwa kuwa haihesabu siku za kusubiri.

Timu ya Kanban huangalia historia. Chukua kadi 20 za mwisho zilizokamilika, andika kila moja ilichukua siku ngapi tangu kuanza hadi kumfikia mtumiaji, zipange kuanzia fupi hadi ndefu. Ya 17 ikiwa ni siku 9, basi unamwambia mteja: kazi za namna hii, mara 17 kati ya 20, tunazimaliza ndani ya siku 9. Ni ahadi ya kweli, na imezihesabu foleni zote tangu kazi ilipoanzwa. Timu ya Scrum inaweza kabisa kufanya hivi, nashauri ifanye.

Kuamua mapema au kuchelewa

Mwaka 1995 Allen Ward, Jeffrey Liker, John Cristiano na Durward Sobek walieleza jambo la kushangaza kuhusu Toyota: wasanifu wake walichelewesha maamuzi, wakashika machaguo mengi kwa muda mrefu kuliko washindani, na bado walimaliza magari mapema. Badala ya kuchagua muundo mmoja na kuurekebisha, walikuwa na seti ya miundo na kuondoa ule ulioshindwa majaribio.

Kwa programu, tuseme mnachagua hifadhidata na hamna hakika kama data itakuwa na umbo moja. Timu ya kawaida inapiga kura siku ya kwanza. Timu ya seti inaandika kiolesura chembamba, yaani mlango mmoja ambao programu yote huupitia kuifikia data, inaweka machaguo mawili nyuma yake, inayalisha data halisi kwa wiki mbili, kisha inaondoa moja kwa ushahidi. Gharama ipo: mmeandika vitu viwili na kimoja kinatupwa. Kwa hiyo msitumie njia hii kila mahali. Uamuzi unaoweza kugeuzwa kwa mchana mmoja, uamueni leo. Ule ambao kuugeuza ni miezi mitatu na kuhamisha data za wateja, shikeni machaguo mawili hadi data iseme. Scrum na Kanban zote hazina neno juu ya hili, nanyi mtalazimika kulileta wenyewe.

Pasipo na uchaguzi

Kuhusu ubora, sioni cha kulinganisha. Mashine ya kufuma ya Sakichi Toyoda ya mwaka 1924 ilisimama yenyewe uzi ulipokatika, ili nguo mbovu isiendelee kufumwa. Kwenye programu, majaribio ya kiotomatiki ndiyo kifaa hicho: msimbo ukivunja kitu, kuunganisha kunasimama na kurekebisha kunatangulia kila kazi mpya. Timu isiyo nayo itapata shida kwa Scrum na kwa Kanban sawia.

Vivyo hivyo gharama ya kutoa toleo. Shigeo Shingo aliwasaidia wenye viwanda kushusha muda wa kubadili kalibu za mashinikizo kutoka saa kadhaa hadi chini ya dakika kumi, na hapo ndipo mafungu madogo yakawa na faida. Ikiwa kutoa toleo kwenu ni usiku mzima wa watu wanne na orodha ya hatua sitini, mtakusanya mabadiliko mengi kabla ya kujaribu tena, na mtakuwa na haki. Fanyeni toleo liwe amri moja, mafungu yatapungua bila kuhubiriwa.

Basi mchague ipi?

Kama kazi yenu ni matengenezo, maombi ya wateja na hitilafu zisizotabirika, chukueni Kanban bila kusita. Sprinti itawatesa, kwa sababu mpango wa Jumatatu unakuwa umekufa Jumatano.

Kama mnajenga bidhaa mpya na hamjui bado ni ipi itakayofaa, anzeni na Scrum ya wiki moja au mbili, lakini wekeni kikomo cha kazi ndani ya sprinti tangu siku ya kwanza. Kwa wahandisi sita, anzeni na kadi nne wazi, ili baadhi ya kazi zifanywe wawili wawili. Mkiona maonyesho ya kila sprinti hayabadilishi tena mpango wenu, yaani mteja anatikisa kichwa tu kukubali, mdundo umemaliza kazi yake. Ondoeni ukuta wa sprinti, bakizeni maonyesho.

Kama mnafanya yote mawili kwa timu moja, bidhaa mpya na matengenezo, msitengeneze timu mbili haraka. Wekeni ubao mmoja wenye safu mlalo mbili na vikomo viwili, kwa mfano kadi tatu za bidhaa na moja ya matengenezo, kisha mtazame ipi inayofurika.

Kama mnatengeneza kitu kisichoweza kusasishwa au kinachohitaji idhini ya kisheria, pangeni awamu, shikeni machaguo mawili kwenye maamuzi machache yasiyogeuzika, na ndani ya kila awamu fanyeni kazi kwa vikomo.

Na kama kazi zenu nyingi zinangoja timu nyingine, mathalani idara ya seva au ya usalama, kubadilisha mbinu ndani ya timu yenu hakutagusa zile siku 25. Pelekeni ubao kwao. Chora safu ya “kusubiri usalama” ionekane na kila mtu, andika tarehe kila kadi ilipoingia hapo, na muwaalike kwenye kikao cha asubuhi mara moja kwa wiki. Mara nyingi itaonekana kwamba nao wana kadi arobaini wazi na watu watatu, na kwamba kikomo kinachohitajika ni cha kwao.